Mkwe Nyuma ya Pazia

Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia, na jina hilo hakujichagulia. Zamani alikuwa fundi wa nguo kama mafundi wengine, sare za shule na suruali za kupunguza kiuno, mpaka alipogundua kwamba matajiri hubadilisha mapazia mara nyingi kuliko maskini wanavyobadilisha nguo. Tangu siku hiyo akaachana na kola na vifungo, akashika madirisha. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda sokoni. Watani wake walisema siku akifa itabidi azikwe nayo, na yeye akawajibu kwamba ni vizuri, maana atawapima wachimba kaburi wasije wakampunja.

Kwa kazi hiyo aliingia nyumba ambazo majirani zake waliziona mapaa tu, zile za mlimani zenye lami mpaka mlangoni. Alijua sebule zao, vyumba vyao vya kulala, na vile vyumba vingine ambavyo hata wenyewe hawakujua ni vya nini. Kule juu pazia ni pambo la dirisha. Kule bondeni alikokuwa anaishi yeye, pazia ni ukuta, ni mlango, ni kabati la nguo, na kwa wengi ndilo linalolinda ndoa yenyewe.

Yeye, mumewe na binti yao walipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja. Bomba moja, bafu moja, na choo ambacho asubuhi kilikuwa na foleni. Ndani ya chumba kulikuwa na kitanda cha wazazi, pazia, godoro la mtoto, jiko la mafuta, ndoo za maji, na karibu na mlango ile cherehani ya kukanyaga ambayo mchana ilitolewa kibarazani. Mume alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala. Alirudi asubuhi mkewe anapoamka, akajitupa palepale alipotoka mke, kitanda kingali na joto. Majirani walitania kwamba ndoa yao ni ya zamu. Wao walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi maisha yakaenda hivyo, mpaka siku ile mume aliporudi kutoka kazini na uso umemshuka. Alivua koti la ulinzi, akakaa kitandani badala ya kulala.

"Mguu wa Baba umekataa kupona," alisema. "Kile kidonda cha kujikata na jembe. Zahanati ya kule wamesema aletwe hospitali kubwa, awe anasafishwa kila siku, kwa wiki kadhaa, na mguu uwe unapumzishwa juu. La sivyo utakatwa."

"Maskini Baba," alisema Mama Mapazia. "Sasa atakaa wapi?"

"Hapa."

Waliangalia chumba wote wawili. Hawakuhitaji muda mrefu kukimaliza.

"Hapa wapi?" aliuliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Anayesoma haya akiwa na nyumba ya kujitanua anaweza kucheka. Mtu si anapewa godoro, analala? Lakini mzee huyu alikuwa baba mkwe, na baba mkwe hatandikiwi chumba kimoja na mke wa mwanawe, tena usiku, tena mwana mwenyewe yuko kazini. Halikuwa jambo la sheria wala la dini. Lilikuwa jambo la uso. Kila mtu alilijua, na hakuna ambaye angethubutu kulisema kwa sauti.

Kule kwao kijijini jambo hili halikuwa na ugumu hata kidogo. Nyumba ya mzee ilikuwa upande wa juu, nyumba ya mwanawe upande wa chini, na katikati kulikuwa na uwanja mpana wa kuanikia mazao. Mama Mapazia alipokwenda likizo alimwamkia mkwewe kwa mbali, macho chini, akajibiwa kwa mbali, basi. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona akila, na mzee hakuwahi kumwona yeye akiwa kichwa wazi. Likiwapo la kuambiana, alitumwa mtoto. Hakuna aliyekuwa ameketi kuwafundisha hayo. Ardhi ilikuwa ya kutosha, kila mtu akapita njia yake, na heshima ikajiendea yenyewe kwa miguu.

Mjini heshima hiyohiyo ilibidi itafutiwe pa kukaa.

Wiki ile Mama Mapazia alikuwa na kazi kubwa mlimani, nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa anabadilisha mapazia yote kwa pamoja. Bibi huyo hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha fundi kwa chai, akamuuliza habari za mtoto. Sebuleni alitaka mapazia yenye bitana nzito kwa sababu, alisema, usiku taa za kule bondeni zinamwingia machoni. Mama Mapazia aliandika vipimo, hakusema kwamba mojawapo ya taa hizo ni yake.

Kisha wakaingia chumba cha wageni. Kilikuwa na bafu lake, na mlango wake wa kutokea bustanini. Godoro lilikuwa bado limevikwa nailoni ya dukani. Mama Mapazia alipoegemea kitanda apime dirisha, nailoni ile ililia kwa kelele. Chumba kizima. Mlango wake peke yake. Aliweka futi chini, akapiga moyo konde.

"Samahani, Mama. Nina shida kidogo, sijui nitaisemaje."

Akaisema. Hakuomba chumba cha wageni, hakuwa amerukwa na akili. Aliomba kile chumba cha uani ambacho zamani alilala mtunza bustani na sasa kiliwekwa makopo ya rangi. Mzee angelala tu, mchana angekuwa hospitali. Yule bibi alimsikiliza vizuri, akamwonea huruma ya kweli, hata akamshika mkono.

"Ngoja nimuulize mzee wangu," alisema.

Siku iliyofuata mumewe alikuwa amechoka. Siku nyingine alikuwa safarini. Kisha bibi akaanza kuongea juu ya ulinzi, na kamati ya wakazi wa mlimani, na watu wageni getini, akawa anaongea huku anapangapanga mito ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Mama Mapazia alielewa, akamwondolea taabu.

"Usijali, Mama. Tumeshapata pa kumweka," alidanganya.

Bibi akashusha pumzi. Kwa kufurahi alimpa kipande kikubwa cha kile kitambaa cha chumba cha wageni kilichobaki, kizito, rangi ya udongo. Wenye mali wana tabia hiyo. Ukiwaomba nafasi wanakupa kitu. Mama Mapazia alikipokea kwa mikono miwili, akakibeba kichwani mpaka bondeni, na njiani alikasirika kiasi cha kutaka kukitupa mtaroni. Hakukitupa. Kilikuwa kitambaa kizuri.

Akakishona ukuta. Tena si ukuta wa mchezo: alikitia bitana mara mbili, akakipa uzito wa vikokoto kwenye pindo la chini kisipeperuke, akamwomba mumewe apigilie fimbo kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa dirisha ukawa wa mzee, na kitanda chao wakampa yeye, mto wa ziada kwa ajili ya mguu. Yeye na binti wangelala godoroni upande wa mlango. Mume alisimama katikati, akalivuta pazia, akalirudisha.

"Mke wangu, hapa umejenga," alisema.

"Nimejenga nini? Nimeficha tu."

Mzee akaja. Mrefu, mkavu, kofia mkononi, mguu umefungwa mpaka chini ya goti. Aliingia ameinamisha kichwa kwa hofu ya kugonga mlango, akaona kitanda, akaona pazia, akaona godoro upande wa pili, na papo hapo akasema kuna joto sana ndani, atakaa nje kidogo. Akakaa kwenye benchi uani. Hiyo "kidogo" yake ilikwenda mpaka watu wote wa nyumba wakazima taa.

Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na zilizofuata. Mzee alingoja nje mpaka aamini kwamba chumba kimelala. Ndipo aliingia kwa kunyata, akajibanza upande wake, na kabla ya jogoo wa kwanza alikuwa ameshatoka tena. Upande wa huku Mama Mapazia naye alikuwa macho, hageuki, hapumui vizuri, amemkumbatia binti asije akaota ndoto na kupiga kelele. Mzee alikuwa na kikohozi cha siku nyingi, mwanawe alishamwambia mkewe. Lakini kule nyuma ya pazia hakikutoka kikohozi hata kimoja. Kulikuwa na ukimya tu wa mtu aliyejiziba mdomo kwa blanketi.

Mchana mambo yalikuwa kichekesho. Mama Mapazia alishonea kibarazani, mzee yuko kwenye benchi, hatua chache tu kati yao, na binti katikati kama karani wa mahakama.

"Mwambie babu yako chai iko tayari."

"Babu, chai iko tayari."

"Mwambie mama yako asante, nitakunywa."

"Mama, babu amesema asante."

Siku moja mtoto alichoka, akatupa mikono juu. "Kwani babu hasikii? Mama, babu si amekusikia mwenyewe!" Jirani wa chumba cha pili, muuza mkaa, mwanamke wa mdomo mpana na moyo mpana zaidi, alicheka mpaka akakalia gunia. Mzee alitazama kofia yake. Mama Mapazia aliinamia sindano.

Kwa heshima ya mkwe aliacha na kazi za jioni. Zamani alikuwa anapiga cherehani baada ya chakula, kelele ikachanganyika na redio za majirani na vilio vya watoto wao. Sasa, jua likizama tu, aliifunika mashine kwa kanga, akamkataza binti kuimba, akatembea pekupeku. Alitaka mzee aone kwamba nyumba hii ina adabu. Kumbe mzee, kwa upande wake, alikuwa anauona ukimya ule na kujiambia kwamba amewafungia watu maisha yao. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake mpaka hakuna aliyekuwa anapata usingizi.

Mguu haukujua habari za heshima. Muuguzi wa chumba cha vidonda alipofungua bendeji mwishoni mwa wiki alisonya.

"Mzee, mguu huu hujaulaza. Umevimba mpaka vidole. Unalala wapi, kwenye mti?"

Mzee alivuta suruali kuufunika mguu. Muuguzi akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa amekwenda naye akiwa na usingizi wa zamu machoni.

"Kaka, nakwambia wazi. Kikiendelea hivi, daktari hatasafisha tena. Atakata."

Waliporudi, mzee alimwita mwanawe pembeni. Uani hapakuwa na pembeni, kila neno lilisikika kibarazani.

"Jumapili unirudishe nyumbani," alisema.

"Baba, na mguu?"

"Mguu ni wangu. Nikae nao kwangu."

"Watakukata, Baba."

"Bora nikatwe mguu kuliko kumkosesha mtoto wa watu usingizi nyumbani kwake."

Mama Mapazia alisikia, akakosea mshono. Alikasirika kwanza. Mtoto wa watu! Miaka yote hiyo, na bado ni mtoto wa watu. Halafu hasira ikaondoka, ikabaki hofu tupu, kwa sababu alimpenda mzee yule, jambo ambalo hakuwahi kuliwaza mpaka dakika hiyo. Alimpenda kwa mbali, kama mtu anavyolipenda jua la asubuhi, bila kufikiria kwamba siku moja atatakiwa kulikaribisha chumbani. Na sasa mguu wa mtu ulikuwa unakwenda kukatwa kwa kukosa ukuta.

Jioni ileile yule bibi wa mlimani alituma ujumbe wa simu. Wageni wake wanafika mapema kuliko alivyotegemea, mapazia ya sebule yanatakiwa kesho. Mama Mapazia alihesabu kichwani kazi iliyobaki, akaona hana ujanja. Akaifunua cherehani. Na kwa kuwa siku mbaya huja na ndugu zake, mvua ikaanza kunyesha, kubwa, ya upepo, ikamfukuza mzee kwenye benchi. Mume alikuwa ameshakwenda kazini.

Mzee aliingia ameloa mabega. "Mwambie mama yako aendelee na kazi yake," alimwambia binti, akapita haraka, pazia likafunga nyuma yake. Binti alijitupa godoroni, muda si mrefu akalala. Mama Mapazia aliweka kitambaa chini ya sindano, akaona aibu ya kelele atakayopiga, akakanyaga.

Cherehani ile ilikuwa ya zamani, ilinguruma mpaka sufuria zikatetemeka. Alishona pindo refu la kwanza. Na katikati ya mngurumo, kwa chini, akasikia kitu. Aliinua mguu kwenye kanyagio. Kimya. Hakuna kitu isipokuwa mvua iliyokuwa inapungua. Akakanyaga tena, na kikarudi: kikohozi. Kikubwa, cha kifuani, kinafuatana kimoja baada ya kingine kama watu waliofungiwa muda mrefu na sasa wamefunguliwa mlango. Akasimamisha mashine kugeuza kitambaa. Kikohozi kikakatika palepale, kikamezwa.

Alikaa na kona ya kitambaa mkononi. Akaelewa.

Ukuta aliomshonea ulizuia macho. Lakini macho hayakuwa tatizo la mzee hata kidogo, macho yana kope. Mzee alikuwa anaogopa masikio. Aliogopa asikike akikohoa, asikike akiugulia mguu, asikike akigeuka kama mzee anavyogeuka. Na yeye, kwa adabu zake, alikuwa ameifanya nyumba iwe kimya mpaka mtu akimeza mate anasikika. Alikuwa amemvua nguo mzee wa watu kwa ukimya.

Akakanyaga. Safari hii hakusimama. Alipofika mwisho wa pindo aligeuza kitambaa huku mguu unaendelea, mshono ukapinda, akauacha upinde. Kule nyuma mzee alikohoa mpaka kikohozi kikamwisha hamu. Akaugulia. Kitanda kikalia, godoro likalia. Halafu, taratibu, kukaja sauti nyingine, nzito, ya kukwaruza. Mzee alikuwa anakoroma. Mama Mapazia aliendelea kukanyaga huku machozi yanamdondokea kwenye kitambaa cha watu.

Kulipopambazuka mzee alikuwa bado amelala. Mume alirudi akamkuta, akaogopa kwanza, akadhani amekufa.

"Shh," mkewe alimwambia. "Mwache. Wewe leo utalala godoroni."

Jumapili ilipofika, safari ya kurudi kijijini haikutajwa. Mume alijitia kusahau, na mzee akajitia kutomkumbusha. Mama Mapazia alifanya kazi za jioni kila siku, na mzee akaanza kuingia mapema, saa ambayo cherehani imeanza. Mguu ukawa unalazwa juu ya mto. Muuguzi alifungua bendeji, akatazama, akasema tu, "Haya, sasa tunaelewana," na mwana wa mzee alirudi akiwa anapiga mluzi njia nzima.

Tatizo ni kwamba mapazia ya bibi yaliisha. Yalipelekwa, yakatundikwa, taa za bondeni zikazimika kwa walio huko juu. Kazi iliyofuata haikuwa imepatikana. Mama Mapazia alikaa mbele ya mashine jioni hiyo na hana kipande cha kushona. Nje, mzee alikuwa anachelewachelewa kwenye benchi, sikio lake liko mlangoni, ingawa macho yake yalikuwa kwingine.

Akachukua tambara kuukuu, akalikunja mara mbili ili meno ya mashine yasisagane, akaliweka chini ya sindano isiyo na uzi. Akakanyaga. Mzee akaingia.

Akafanya hivyo jioni baada ya jioni. Mchana alizunguka kutafuta wateja, jioni alikanyaga safari isiyofika popote. Magoti yalimuuma, nyayo zikamvimba, na kuna siku aliona kama vile uvimbe umetoka mguu wa mzee ukahamia kwake. Muuza mkaa, ambaye ukuta wake ulikuwa uleule, alimvizia bombani.

"Shoga, hizo nguo haziishi? Unawashonea jeshi? Mwenzio sijalala vizuri wiki nzima."

Mama Mapazia alimvuta kando, akamweleza. Alieleza kwa kunong'ona, na kwa haya, kama mtu anayekiri wizi. Muuza mkaa alisikiliza ndoo ikijaa mpaka ikamwagika. Kisha akafunga bomba.

"Basi kanyaga," alisema mwishowe. "Ukichoka nigongee ukuta, nije nikupokee. Hata mimi nina miguu."

Alikuja kweli. Si mara moja.

Aliyeharibu mambo ni binti, na hakuwa na nia mbaya. Kazi yake ilikuwa kupeleka habari, naye akapeleka. Mchana mmoja mzee alimsifu mama yake kwa bidii, akamuuliza mtoto ni mapazia ya nani hayo ya kila siku.

"Mama hashoni kitu, babu," alisema mtoto. "Anatoboa tambara tu. Ona." Akamletea. Lilikuwa limetobolewa mpaka ukilishika juani unamwona mtu wa upande wa pili.

Mama Mapazia alikuwa sokoni. Aliporudi hakuambiwa neno. Mzee alikula chakula chake kwenye benchi kama kawaida, akamwambia binti amwambie mama asante, na jioni alipoisikia cherehani aliingia ndani kama kawaida. Pazia likafunga. Binti alikuwa ameshalala. Mama Mapazia aliinamia mashine, akakanyaga huku anasinzia.

"Mwambie mama yako apumzike," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Mguu wa Mama Mapazia ulisimama. Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, hakuna wa kumwambia mtu chochote.

Mzee alingoja. Labda naye alikuwa anajua kwamba mtoto amelala. Labda alikuwa ameichagua saa hiyo kusudi.

"Basi nitakwambia mwenyewe," alisema. "Pumzika, mwanangu. Utajiumiza miguu, halafu tutakuwa na vidonda viwili humu ndani."

Hajawahi kumwita mwanangu. Hajawahi kumwita chochote. Mama Mapazia aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Baba, mimi nilitaka tu ulale."

"Najua. Nimelala. Tangu nije duniani sijawahi kubembelezwa hivyo, labda mama yangu tu." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Kule kwangu nafasi ni kubwa, mtu anaweza akaugua asisikike. Nilidhani ndiyo heshima. Hapa mtasikia. Sina njia. Nitakohoa na wewe utasikia."

"Nitasikia, Baba."

"Haya."

 Kisha mzee akakohoa. Hakujiziba blanketi, hakusubiri kelele ya mtu. Alikohoa kwa kifua chote, kwa muda mrefu, mpaka madirisha ya jirani yakasikia.

Kuna neno ambalo kila mtu humwambia mwenzake akikohoa, hata mpita njia asiyemjua. Mama Mapazia hakuwa amemwambia mkwewe neno hilo tangu aingie mlangoni mwake, kwa sababu kulisema ni kukubali kwamba umesikia. Aliweka mikono juu ya tambara lake lililojaa matundu.

"Pole, Baba," alisema.

"Asante, mwanangu," mzee akajibu, akageuka upande, kitanda kikalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeona haya.